Je, niagize PS5 sasa kwa ajili ya GTA VI, au nisubiri mchezo utoke kwanza?

Mwalimu wa Nyamagana

Wadau, habari za jioni. Nina swali ambalo limenizunguka kichwani tangu tarehe 6 Novemba 2025, siku ambayo Rockstar Games, studio inayoutengeneza mchezo wa video wa GTA VI (Grand Theft Auto VI), ilitangaza kwamba hautatoka tena tarehe 26 Mei 2026 bali tarehe 19 Novemba 2026. Mimi ni mmoja wa wale walioitazama trela ya kwanza ya Desemba 2023 mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia nikiwa nimefumba macho, na nilishajiandaa kwa mwezi wa tano. Ninayo PS4, yaani PlayStation 4, mashine ya michezo ya Sony, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, lakini mchezo huu umetangazwa kwa mrithi wake PS5 na kwa Xbox Series X na S za Microsoft, kwa hiyo mashine yangu haitaupokea.

Binamu yangu anayefanya kazi Muscat anakuja likizo mwezi wa saba, na amekubali kuniletea PS5 endapo nitamtumia fedha mapema. Fedha ninazo, ila ni za kudunduliza mwaka mzima. Kuna pia mwenye duka mmoja hapa mjini anayepokea malipo ya awali ya mchezo wenyewe, naye anasisitiza kwamba wasiolipa sasa wataukosa. Naomba ushauri wenu: niagize mashine mwezi wa saba, nivute subira hadi Novemba, au nisubiri toleo la kompyuta? Na hayo malipo ya awali yana maana yoyote?

Mzee wa Padi

Mwalimu, nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi: usimpe huyo mwenye duka hata shilingi. Kulipia mapema kulikuwa na mantiki enzi zile mchezo ulipokuja kwa diski chache na aliyechelewa akakuta rafu tupu. Siku hizi michezo mingi inapakuliwa kwenye intaneti, na faili haliishi dukani. Anayekuambia utakosa anatafuta mtaji usio na riba. Mimi niliwahi kumlipa muuzaji mmoja miezi minne kabla ya wakati. Mchezo ukaahirishwa, naye akaahirisha kurudisha fedha, nikamfuata nyumbani kwake mara nyingi hadi watoto wake wakanizoea.

Kuhusu tarehe, itazame historia ya studio yenyewe. GTA IV ilitajiwa Oktoba 2007, ikatoka tarehe 29 Aprili 2008. Red Dead Redemption 2 uliahidiwa kwa vuli ya 2017, ukasogezwa hadi masika ya 2018, na mwishowe ukatufikia tarehe 26 Oktoba 2018. GTA VI nao ulianza kwa kutajiwa mwaka 2025, na tangu hapo umekwisha kuahirishwa mara mbili. Ndiyo maana tarehe ya Rockstar naichukua kama mkulima anavyouchukua utabiri wa mvua: shamba ataliandaa, lakini mbegu zitabaki ghalani hadi alione wingu. Mashine nayo inunue mchezo ukishatoka.

Hata hivyo, sisemi kwamba kuahirisha ni kosa. Mnakumbuka Cyberpunk 2077, mchezo wa studio nyingine, ambao ulipangiwa Aprili 2020, ukasogezwa mara tatu, kisha ukatolewa tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ukiwa bado mbichi, hasa kwa wenye PS4 na Xbox One. Kabla mwezi haujaisha Sony ilikuwa imeuondoa katika duka lake la mtandaoni, na haukurudi hadi Juni 2021. Waliokuwa wamelipa mapema ndio waliokuwa wa kwanza kukutana na hitilafu. Rockstar wamesema wanahitaji miezi hii kuung'arisha mchezo. Basi na wauchukue muda wao, ilimradi fedha yangu iko mfukoni mwangu.

Dada wa Likoni

Kuhusu malipo ya awali sina la kuongeza, ila kuhusu mashine naomba nitofautiane na Mzee kwa heshima zote. Tumezoea kuamini kwamba anayesubiri hununua kwa bei nafuu. Wakati wa PS4 ilikuwa hivyo: ilianza kwa dola 399 mwaka 2013, na kufikia 2016 toleo lake jembamba liliuzwa dola 299. PS5 imekwenda kinyume. Yenye sehemu ya diski ilianza kwa dola 499 Novemba 2020, na Agosti 2025 Sony ikaipandisha Marekani hadi dola 549, yaani miaka karibu mitano baadaye bei imepanda badala ya kushuka. Xbox nayo iliongezwa bei Marekani mara mbili ndani ya mwaka huo wa 2025. Kwa hiyo, Mwalimu, usisubiri kwa kutarajia nafuu, maana huenda ukasubiri na usiione.

Swali ninalokuuliza mimi ni jingine: GTA VI ukisogezwa tena hadi 2027, utacheza nini? Kama unaweza kutaja michezo mitatu ya PS5 ambayo kweli unaitaka, agiza mwezi wa saba bila wasiwasi, tena diski zako za PS4 takribani zote zitafanya kazi humo. Kama huwezi, utakuwa umenunua sanduku jeupe la kupambia meza.

Ukiamua kununua, mwambie binamu achague yenye sehemu ya diski, si ile ya kupakua tu. Wanaopuuza jambo hili aghalabu ni wale ambao intaneti ya nyumbani kwao haina kikomo. Red Dead Redemption 2 ulikuja na diski mbili na unachukua zaidi ya gigabaiti 100. Hebu piga hesabu ya bando kabla hujafikiria GTA VI utakuwa na ukubwa gani. Diski pia unaweza kuiuza ukimaliza, au kubadilishana na jirani. Najua masasisho bado utayapakua, lakini nusu shari si sawa na shari kamili.

Jambo la akaunti nalo lisikupite. Tanzania haimo katika orodha ya nchi za PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony ya kununulia na kuchezea michezo, na wengi wetu huku tuna akaunti zilizofunguliwa kwa nchi nyingine. Kadi za kuongezea salio hufanya kazi kwenye akaunti ya nchi ileile tu, kwa hiyo binamu asikununulie kadi za Oman kama akaunti yako si ya Oman. Diski ya mchezo kutoka Muscat itasoma kwenye mashine yoyote ya PS5, ila nyongeza za kununua mtandaoni hufuata eneo la diski hiyo.

Mpiga Kibodi

Naongezea upande wa kompyuta, kwa kuwa hakuna aliyeugusa. Tangazo la GTA VI lilitaja PS5 na Xbox tu, na desturi ya Rockstar inajulikana. GTA V ilitoka kwa PS3 na Xbox 360 tarehe 17 Septemba 2013, wenye kompyuta wakaipata Aprili 2015, miezi 19 baadaye. Red Dead Redemption 2 ulituchelewesha kwa mwaka mmoja na siku chache. Anayesubiri toleo la kompyuta ajiandae kusubiri kwa kiasi hicho, na akumbuke kwamba kompyuta ya kuumudu mchezo huo huenda ikamgharimu kuliko PS5.

Mimi huko siko. Nilisubiri mchezo mwingine, Silksong, tangu ulipotangazwa Februari 2019, na sikulipa chochote kwa sababu hapakuwa na pa kulipia. Studio yenyewe, Team Cherry ya Adelaide, ina watu wachache mno. Walikaa kimya kwa miaka, wakataja tarehe wiki mbili tu kabla, na tarehe 4 Septemba 2025 mchezo ukatoka kwa dola 20. Wanunuzi walifurika hata maduka kadhaa ya mtandaoni, Steam likiwamo, yakalemewa. Kompyuta yangu kuukuu inauendesha bila kulalamika. Wakubwa wangetutangazia hivyo, baada ya kazi kukamilika, Mwalimu asingekuwa na swali hili.

Mwalimu wa Nyamagana

Nawashukuru nyote. Nimefanya mtihani wa Dada wa Likoni jana usiku. Nimetaja Ghost of Yōtei na Astro Bot, kisha nikakwama. Mke wangu akaniongezea wa tatu, mpira, lakini huo tunao tayari kwenye PS4, kwa hiyo nimeukataa ingawa yeye hajakubali.

Nimemwandikia binamu kwamba mwezi wa saba aje na mizigo yake tu. Amenijibu kuwa kuna mwenzake atakayesafiri kuja Mwanza mwezi wa kumi na mbili, na mchezo ukiwa umetoka kweli, mashine itakuja naye, yenye sehemu ya diski. Bei ikiwa imepanda kufikia hapo, tofauti nitaibeba. Mwenye duka nimemwambia nitapita.