Naomba ushauri: arobaini ya mtoto katikati ya Juni hapa Munich, niifanyie kando ya mto au nikodi ukumbi?

Mtanga wa Munich

Assalamu alaykum, na heshima kwenu nyote. Naomba ushauri wa ndugu wanaoishi Bavaria, hasa waliokaa huku miaka mingi, kwa sababu mimi nimehamia Munich vuli iliyopita na sijawahi kuuona mwezi wa Juni wa huku. Mtoto wetu anatimiza arobaini katikati ya mwezi huo, na tumekubaliana na mume wangu kwamba siku hiyo tusome dua, tule pilau na kuchoma mishkaki pamoja na watu wapatao hamsini, wengi wao wakiwa na watoto wadogo. Nyumba yetu ya vyumba viwili haiwezi kuwapokea, kwa hiyo tulichagua Flaucher, kwenye kingo za mto Isar ambako kuchoma nyama kunaruhusiwa, na tukapanga kuanza saa kumi alasiri ili kila mtu awe amemaliza shughuli zake za Jumamosi.

Kinachonitia wasiwasi ni hali ya hewa. Wiki iliyopita tulikuwa na nyuzi 28 na watu wakalala nyasini kama wako ufukweni. Juzi zikashuka hadi 13, mvua ikanyesha kutwa, nikalazimika kuwasha tena vyombo vya kupashia nyumba joto. Utabiri wa kwenye simu nao hubadilika kila asubuhi: Jumamosi yetu imekwisha kuwekewa jua, kisha radi, kisha jua lenye mawingu, na sasa imeandikwa kwamba uwezekano wa mvua ni asilimia 40, jambo ambalo sijui nilielewe vipi. Mama yangu anafika kutoka Tanga siku chache kabla ya shughuli, hajawahi kutoka Afrika Mashariki, na ananiuliza afungashe nguo gani. Je, niiache Flaucher? Au niisogeze shughuli hadi Julai, kwa matumaini kwamba mvua hizi zitakuwa zimekwisha?

Bin Mrima

Hongera sana, dada, na Mungu amkuze. Kwa maoni yangu usijisumbue na ukumbi, kwani hela ya ukumbi ni hela ya mbuzi mzima. Huu ni msimu wa kiangazi, na mvua ya huku ni manyunyu ya kupita. Nunua turubai moja kubwa, basi.

Mkongwe wa Bonde la Isar

Dada, nakupongeza kwa uzazi, na nakuomba uniwie radhi kwa sababu jibu langu litakuwa refu. Ndugu yangu Bin Mrima amesema kwa nia njema, lakini ushauri wake unafaa zaidi mahali ambapo kiangazi ni msimu wa ukame. Hapa Munich mambo yamegeuka: miezi yenye joto ndiyo yenye mvua nyingi kuliko yote, na Juni na Julai kila mmoja kwa kawaida hupata zaidi ya maradufu ya mvua ya Februari. Mji umekaa kwenye uwanda ulio juu kiasi cha mita 520 kutoka usawa wa bahari, milima ya Alps iko kusini yake, na hewa yenye unyevu inayotoka kaskazini-magharibi ikifika kwenye milima hiyo hulazimika kupanda, kupoa na kumwaga maji iliyoyabeba. Sisi tuliokuja kutoka pwani tulikuwa tukitenganisha jua kali na masika. Huku inakupasa uvipokee vyote viwili katika wiki moja.

Kushuka kwa nyuzi ulikokuona nako kuna kawaida yake. Mwanzoni mwa kiangazi bara hupata joto haraka ilhali bahari bado ni baridi, na tofauti hiyo husaidia kuvuta hewa ya baridi na unyevu kutoka kaskazini-magharibi. Baridi hiyo Wajerumani huiita Schafskälte, baridi ya kondoo, kwa kuwa huwakuta kondoo wamekwisha kunyolewa. Hutarajiwa baina ya tarehe 4 na 20 Juni, na inaweza kupunguza nyuzi tano hadi kumi kwa ghafla. Haiji kila mwaka, na ikija haikai siku nyingi, lakini shughuli yako imeangukia katikati kabisa ya kipindi hicho.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko swali la mto au ukumbi, nalo ni saa. Mvua za radi za majira haya, katika siku zenye joto, hujengwa na jua lenyewe: ardhi hupashwa moto tangu asubuhi, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hurundikana kuelekea milimani kuanzia adhuhuri, na ifikapo alasiri au jioni hupasuka. Saa kumi alasiri ni saa mbaya kuliko zote ulizoweza kuchagua, ingawa ndiyo inayoelekea kuwafaa wageni. Ukianza saa nne asubuhi, ukasoma dua wakati watu bado wana utulivu, ukala kabla ya saa nane mchana, utakuwa umemaliza kabla ya mawingu kukua. Isitoshe, shughuli za arobaini kwetu zilikuwa za asubuhi tangu zamani, kwa hiyo wazee hawatakushangaa.

Kuhusu Flaucher yenyewe, naipenda, ila kuna hatari moja ambayo wageni wengi hawaifikirii. Isar ni mto wa milimani. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, maji yanaweza kupanda na kufunika kingo za changarawe hata kama mjini kwenu jua linawaka, na ingawa bwawa la Sylvenstein hupunguza nguvu ya mafuriko, haliwezi kuzuia kila kitu. Mwanzoni mwa Juni 2013 na tena mwanzoni mwa Juni 2024 Bavaria ilipata mafuriko makubwa, na mwaka 2013 maji ya mto Danube katika mji wa Passau yalipita mita 12. Sisemi kwamba yatatokea Jumamosi yako. Nasema kwamba mwenye watoto wengi asiwaweke chini kabisa karibu na maji bila kutazama kwanza hali ya mto.

Ushauri wangu kwa ujumla ni kwamba usiamue leo, bali uipange siku ya kuamua. Utabiri wa siku mbili au tatu mbele huaminika vizuri. Wa siku kumi hueleza mwelekeo tu, na ndiyo maana unauona ukibadilika kila asubuhi. Weka nafasi ya ukumbi unaoruhusu kughairi, waambie wageni kwamba mahali patathibitishwa Alhamisi jioni, na baada ya hapo usibadilishe tena, kwa sababu watu hamsini wanaoitwa huku na kule kwa ujumbe wa simu ni balaa kuliko mvua.

Nesi wa Augsburg

Naunga mkono habari ya asubuhi, na naongeza machache juu ya mama na mtoto. Mama atatoka Tanga kipupwe kikiwa kimeanza, atadhani kwamba amezoea ubaridi. Mwambie kwamba usiku wa Juni huku unaweza kushuka chini ya nyuzi kumi. Asibebe koti zito la theluji, kwa kuwa litamlemea na mchana wa jua halina kazi. Anachohitaji ni nguo za kuvaa tabaka juu ya tabaka: fulana nyepesi ndani, sweta, koti jepesi lisilopitisha maji, soksi za kutosha na viatu vilivyofungwa, kwa sababu nyasi zilizonyeshewa huwachosha wazee wenye miguu ya kuuma. Kanga zake azilete, zitafaa kuliko anavyodhani. Koti la mvua ni afadhali ulinunue huku akishafika, alijaribu mwenyewe.

Kuhusu mtoto, usimwongezee mablanketi kwa hofu. Mguse nyuma ya shingo: pakiwa na jasho, punguza nguo, pakiwa baridi, ongeza. Viganja havikupi jibu la kweli kwa mtoto mchanga. Jua likitoka ghafla asiwe juani moja kwa moja, na kigari chake kisifunikwe kwa kitambaa, maana ndani hupata joto haraka sana hata siku ambayo wewe unaona ya kawaida.

Mtanga wa Munich

Nawashukuru mno. Mzee Mkongwe, shikamoo, suala la saa sikulifikiria kabisa, na mume wangu amelikubali mara moja. Bado sijaelewa asilimia 40. Je, maana yake ni kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, au kwenye asilimia 40 ya mji? Na siku yenyewe ikifika, nitazame nini ili nijue kama tuendelee kukaa nje au tuondoke?

Rada na Mawingu

Dada, si moja wala nyingine. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye hali ya angani kama hiyo, nne zingepata angalau mvua kidogo mahali hapo katika muda uliotajwa. Namba hiyo haisemi kama mvua itakuwa ya dakika kumi au ya saa sita, wala kama ni manyunyu au mvua ya mawe. Kwa hiyo usiisome peke yake. Tazama utabiri wa saa kwa saa: asilimia 40 iliyoenea kutwa huashiria siku ya mawingu na rasharasha, ambayo kwa kweli inavumilika, ilhali asilimia 40 iliyorundikana baada ya saa tisa alasiri ni dalili ya radi, na hapo asubuhi yako iko salama.

Siku yenyewe, achana na vipicha vya jua na wingu, utumie rada ya mvua. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, DWD, ina programu iitwayo WarnWetter ambayo hutoa tahadhari bila malipo. Tahadhari hizo zina rangi nne: njano, chungwa, nyekundu na zambarau. Ya njano hutolewa mara kwa mara, nayo inakutaka uwe macho. Ikiwa ya chungwa kwa ajili ya radi, nisingekaa kando ya mto na watoto. Nyekundu na zambarau hazina mjadala. Tarehe 10 Juni 2019, Jumatatu ya Pentekoste, mvua ya mawe ilipiga magharibi ya Munich na kuvunja vioo vya magari mengi. Na ile ya tarehe 12 Julai 1984 wazee wa mji huu wanaizungumzia mpaka leo.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu, upate umbali kwa kilomita. Sekunde zikiwa chini ya thelathini, ondokeni, na msirudi mpaka dakika thelathini zipite tangu ngurumo ya mwisho. Turubai la Bin Mrima, kwa heshima zote, huzuia maji tu. Halimkingi mtu na radi, na chini ya mti ndiko kubaya zaidi. Mahali salama ni ndani ya jengo au ndani ya gari lililofungwa.

Bin Mrima

Nimekubali, ndugu yangu, turubai nimelikunja. Lakini swali la Julai halijajibiwa.

Mwalimu wa Rosenheim

Nitalijibu mimi. Wakulima wa huku wanaitazama tarehe 27 Juni, siku iitwayo Siebenschläfer, yaani siku ya Wale Saba Waliolala, na husema kwamba hali ya hewa ya siku hiyo itadumu wiki saba. Waislamu miongoni mwetu watawatambua mara moja, kwa kuwa ndio Watu wa Pangoni wa Suratul Kahf. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini si kwa siku moja: mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai mkondo wa upepo mkali wa anga za juu mara nyingi hutulia upande fulani, na ukishatulia huweza kuelekeza mvua au jua kwa wiki kadhaa. Tena kalenda ilisogezwa siku kumi katika marekebisho ya mwaka 1582, kwa hiyo anayetaka kuifuata kanuni hiyo aitazame wiki ya kwanza ya Julai kuliko tarehe 27. Kusini mwa Ujerumani hutimia mara nyingi kuliko kaskazini.

Hata hivyo, dada, ukisogeza arobaini hadi Julai utakuwa umeacha siku yake bila kupata uhakika wowote, kwani Julai nayo ina radi zake, na pengine wiki zote zikawa za mvua. Mimi ningebaki na tarehe ile ile. Kwa ukumbi, uliza vyumba vya majirani ambavyo mji wa Munich unavyo katika mitaa mingi, viitwavyo Nachbarschaftstreff, ambavyo hukodishwa kwa sherehe za familia kwa bei ya kawaida. Piga simu mapema, maana wakati wa likizo ya Pentekoste ofisi nyingi huwa na watu wachache.

Mtanga wa Munich

Tumepata chumba cha majirani mtaani kwetu, chenye jiko na ua mdogo wa nyuma, na wamekubali tughairi hadi Ijumaa mchana. Dua itaanza saa nne asubuhi, na pilau itapikwa humo humo ukumbini kwa hali yoyote, ili kukitokea mvua tusianze kuhamisha masufuria ya moto. Alhamisi baada ya magharibi nitatazama utabiri na hali ya mto pamoja na mume wangu, kisha niwatangazie wageni mahali. Kama ni Flaucher, tutakaa juu kwenye nyasi na si chini kwenye changarawe. Mama ameniambia kwamba sweta analo moja tu, la harusi ya mdogo wangu kule Lushoto. Nimemwambia alilete, na la pili tutalinunua huku.

Nesi wa Augsburg

Mnunulie na soksi za sufu, dada, siku hiyo hiyo atakayofika. Na ukiwaandikia wageni Alhamisi, waombe kila familia ije na nguo kavu za kubadilisha watoto, kwa sababu hata msiponyeshewa, wakishaiona Isar wataingia majini tu.