Naomba ushauri: kuta zilizopinda za Mji Mkongwe kwenye Revit

Habari zenu wakuu. Nina wingu la nukta (nukta nyingi za 3D zinazoonyesha umbo la jengo) la nyumba ya kale Mji Mkongwe, Zanzibar, lililopimwa kwa skana ya leza. Nimelipitisha ReCap (programu ya kuandaa data ya skana), nikaliingiza Revit, programu ya kuchora modeli za majengo. Shida ni kuta: mawe ya matumbawe na chokaa, nene chini, nyembamba juu, hakuna pembe ya nyuzi 90. Ukuta wa kawaida wa Revit unaachana na nukta kwa sentimita kadhaa. Nikichora kila ukuta kwa umbo lake halisi, faili linakuwa zito na taarifa za tabaka za ukuta (mawe, chokaa) zinapotea. Modeli ni ya ukarabati, na boriti za mikoko zimelalia kuta hizohizo, kwa hiyo sitaki kabisa kunyoosha kilichopinda.

Kwa jengo kama hili mnaruhusu tofauti ya milimita ngapi kati ya modeli na nukta? Na upindaji mnauhifadhi kwenye umbo lenyewe, au kwenye ramani ya rangi inayoonyesha tofauti hiyo, kutoka CloudCompare (programu ya kulinganisha mawingu ya nukta)?