Naomba ushauri: nimteteeje Samuel Laycock, mshairi wa kiwandani?

Mleta uzi: Wanajukwaa, salaam. Naandika insha ya chuo kuhusu Samuel Laycock (1826–1893), mfumaji wa pamba wa mji wa Stalybridge, Uingereza, aliyetunga kwa Kiingereza cha lahaja ya eneo la Lancashire. Mhadhiri wangu ameirudisha rasimu akisema kwamba tungo hizo ni vichekesho vya mitaani, zinazofaa kusomwa kama kumbukumbu za kihistoria tu. Mimi naliona “Welcome, Bonny Brid!” (yaani “Karibu, Kindege Kizuri!”) kuwa shairi lililokamilika. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Mwanavina: Ndugu, anza na umbo. Ubeti una mishororo sita, na wa tatu na wa sita una mizani tatu tu, zenye kina kimoja. Baba anamkaribisha mtoto mchanga kwa maneno mengi, kisha mshororo mfupi unamkatiza: hali ni mbaya. Mkate wa kulowekwa kwenye maziwa haumtoshi hata Joe aliyetangulia, lakini mgeni angejuaje? Baadaye baba huyohuyo anampa kichanga nusu peni akanunue peremende mjini! Kichekesho kipo, usikikanushe. Ndicho kinachomwezesha mzazi asiye na kitu kusema kwamba amefurahi.

Mkutubi: Umbo pekee halitoshi, na historia msimwachie mhadhiri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, bandari za majimbo ya Kusini, yaliyolima pamba, zilizingirwa, pamba ikaadimika na viwanda vya Lancashire vikasimama. Laycock mwenyewe alikosa kazi, na tungo zake ziliimbwa mitaani na watu wenye njaa ileile. Mwaka 1863 Stalybridge ilikumbwa na ghasia kwa sababu misaada ilitolewa kwa hati za kuchukulia bidhaa dukani badala ya fedha taslimu. Isome nusu peni ile, fedha taslimu anayopewa kichanga, ukiwa na habari hiyo, ingawa usidai kwamba mshairi aliikusudia hivyo. Wala usizisifu tungo zake zote, maana baadhi zimejaa mahubiri.

Mwanavina: Nakubali, hasa hilo la fedha taslimu.

Shangazi wa Mvita: Mwanangu, usiandike kwamba mhadhiri amekosea. Andika kwamba wapo wanaozihesabu tungo hizi kuwa vichekesho, kisha nukuu beti mbili nzima na uzichambue neno kwa neno. Sisi tunamsoma Muyaka, mshairi wa Mombasa, kwa Kimvita na hakuna anayemwona mchekeshaji kwa sababu ya lahaja yake. Lakini hoja hiyo iweke kwenye tanbihi, maana insha yako ni ya Laycock.