Ushauri: natolewa kizazi, nichague njia ipi?

Nyanda_Baridi: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 44, nipo Uyole. Nina uvimbe kwenye kizazi, si saratani, ila damu inatoka mabonge hadi nimeongezewa. Kutolewa nimekubali. Nataka ile ya kupitia ukeni, haina kovu. Nani kafanyiwa?

Mwanjelwa_Kwetu: Pole dada. Shangazi yangu kule Mafinga alipasuliwa tumbo, wiki sita hainui hata ndoo, kazi kututuma tu. Siku hizi analima kunishinda. Na mahindi yake ya mwaka huu, acha kabisa.

Mtumishi: Umefunga na kuomba kwanza?

Mkunga_Mstaafu: Mtumishi, mwenzio anaishiwa damu. Dada, altrasaundi inasema kizazi kina ukubwa gani? Na watoto ulijifungua vipi?

Nyanda_Baridi: Mbona maswali ya polisi? Haya, kama mimba ya wiki 20. Watoto wawili, wote kwa kisu.

Mkunga_Mstaafu: Ungeanza na hilo. Njia ya chini ndiyo unayopona haraka, kama kizazi si kikubwa na kinashuka vizuri. Kisu cha nyuma hakiizuii, ila kizazi kinaweza kuwa kimegandana na kibofu. Wiki 20 wengi wanapasua tumbo. Njia ya matundu madogo tumboni, wanayopitisha kamera na vifaa, inawezekana kwa mkono mzoefu, lakini kizazi hicho kitakatwa vipande ndipo kitoke, kwa hiyo wapime kwanza wasije wakasambaza saratani iliyojificha. Ulizia pia sindano za kusinyaza uvimbe kabla ya oparesheni.

Nyanda_Baridi: Asante mama, ila tumbo sipasuliwi. Nimeshatanguliza hela kwa daktari wa matundu Dar. Mume wangu yuko na lori Tunduma, hajui, akirudi asikute kovu.

Kijana_wa_Soweto: Si tayari una mshono wa watoto wawili? Kovu gani tena unaficha? Wapite palepale!

Mzee_Kigoda: Hii chai. Akaunti hii hii mwaka jana ilikuwa inauza mbegu za viazi, inajiita baba wa watoto wawili. Baba naye ana kizazi?

Nyanda_Baridi: Akaunti ni ya mume wangu. Aliniachia simu yake ya zamani.

Kijana_wa_Soweto: Kwa hiyo huko Tunduma akifungua tu, anausoma uzi wote?

Nyanda_Baridi: Wasimamizi, naombeni mfute huu uzi. Sasa hivi.

Mwanjelwa_Kwetu: Kabla hamjafuta, zile mbegu bado zipo?