Tunataka kufuga kaa hapa Mokowe, hesabu ya chakula inanitia shaka. Naomba ushauri

Binti Mokowe
Assalaam aleikum ndugu zangu. Chama chetu cha akina mama kinataka kufuga kaa wa mikoko kwenye vizimba, kando ya mkondo. Soko lipo, hoteli za Shela zinawataka wakubwa. Mpango ni kununua kaa wadogo kwa wavuvi, tuwalishe visamaki mpaka wakue. Jirani aliyetutangulia anasema alimwaga ndoo kwa ndoo za samaki, kaa wakaongezeka kidogo tu, na wengine wakatoweka ndani ya kizimba kilichofungwa. Tatizo ni malisho au kaa wenyewe? Pesa ni za watu, naogopa kuzizamisha.

Mwalimu wa Bayolojia
Waaleikum salaam dada. Anza na jua. Nishati yake hushikwa na mikoko, mwani na ule utelezi wa kijani juu ya matope. Konokono hula utelezi, kaa humla konokono. Kila hatua, nishati nyingi huishia kwenye kupumua, kutembea na kinyesi, na mwisho hupotea kama joto. Inayobaki mwilini ni kama asilimia 10. Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo huko Minnesota, Marekani, alilieleza jambo hili la nishati kupungua ngazi kwa ngazi katika makala yake ya mwaka 1942. Kwa makadirio ya darasani, kilo 1,000 za utelezi hutoa kilo 100 za konokono, na hizo hutoa kilo 10 za kaa. Si kipimo kisichobadilika, mara ni asilimia 5, mara 20.

Madini hurudi matopeni yakatumika tena. Nishati hairudi. Kwa hiyo ukimlisha kaa samaki, unalipia hasara za ngazi zote zilizopita. Samaki aitwaye mwatiko hula mwani na utelezi moja kwa moja, ndiyo maana kumlisha ni nafuu. Ila msikate mikoko kuchimba bwawa la kumfugia! Majani yake yakianguka huburutwa na kaa wadogo mashimoni, yakaoza, yakalisha kamba na samaki wachanga wa mkondo mzima.

Mzee wa Siyu
Mwanangu, hao waliotoweka wameliwa na wenzao. Kaa hukua kwa kujivua gamba, na akishajivua huwa laini, hana cha kujikinga. Wakibanana, aliyejivua usiku haamki. Kila kaa apewe chumba chake.

Kununua wadogo siafiki kabisa. Jike hutoka mikokoni akaenda kutaga baharini, na watoto huletwa na maji. Wanaoingia mkondoni kwenu ndio watakaoziba pengo la wanaovuliwa. Mkiwazoa wachanga, nani atabaki akue aende kutaga? Nunueni kaa mkubwa mwembamba, aliyetoka kujivua. Mbonyeze chini, karibu na mzizi wa mguu: gamba likibonyea, hana nyama. Huyo mkimlisha wiki chache anajaa, na wavuvi humuuza rahisi.

Binti Mokowe
Ahsante babu, ahsante mwalimu. Kuna kijana anataka tupake kaa rangi mgongoni, tuwaachie, kisha tuwashike tena tujue wako wangapi mkondoni. Inafaa?

Mwalimu wa Bayolojia
Hesabu yake ni sahihi. Mkipaka 40, halafu mkashika 50 na 10 kati yao wakawa na rangi, zidisha 40 kwa 50, gawa kwa 10: makadirio ni kaa 200. Lakini babu keshasema, kaa hujivua, na rangi huondoka na gamba. Mkichelewa mtaona wenye alama wachache na kudhani kaa ni tele kuliko walivyo. Fanyeni ndani ya siku chache, au wekeni daftari: kila bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana), mvuvi mmoja amepata wangapi kwa saa, na gamba lina upana gani. Upana ukipungua mwezi hadi mwezi, wakubwa wanakwisha.

Mzee wa Siyu
Na chakula msinunue visamaki ambavyo watoto wangekula. Chukueni vichwa na matumbo dikoni, wavuvi wanaposhusha samaki, wapeni magharibi maana kaa hula usiku, na asubuhi ondoeni mabaki kabla hayajaharibu maji.

Binti Mokowe
Kikao ni Jumamosi. Nitapendekeza kaa wembamba, chumba kimoja kimoja, na daftari nitalishika mimi.