Mtoto wa jicho kwenye jicho lenye uveitisi: apasuliwe sasa au tungoje?

Kondele_Juu: Wadau, naomba ushauri. Mama, miaka 58, yuko Ahero. Jicho la kulia lina uveitisi (uvimbe wa ndani ya jicho) ya kujirudia kwa miaka mingi, na sasa mtoto wa jicho amekomaa, hata vidole hahesabu. Mara ya mwisho jicho kuwa jekundu ni wiki sita zilizopita. Bado anatia matone ya prednisoloni (steroidi ya kutuliza uvimbe) mara mbili kwa siku. Kambi ya macho ya bure inakuja karibu na kwao. Tumpeleke?

Muuguzi_Macho: Kupimwa, sawa. Kupasuliwa hapo kambini, hapana. Kambi inafaa kwa mtoto wa jicho wa uzee, jicho lisilo na historia. La mama linatakiwa litulie angalau miezi mitatu kwanza. Na weupe wa jicho usikudanganye: daktari huhesabu kwa hadubini seli zinazoelea kwenye maji ya mbele ya jicho, ndani ya mwale wa milimita 1 kwa 1. Isionekane hata seli moja. Kutulia akiwa bado kwenye dawa kunahesabika, kwa hiyo msimwachishe matone ati apate "kutulia kweli".

Lenzi_Safi: Naongeza tahadhari moja. Mtoto wa jicho aliyeiva sana anaweza kuvujisha protini, na hiyo yenyewe inachochea uvimbe na kupandisha presha ya jicho. Hapo hakuna kungoja miezi mitatu, kwa sababu kinacholiwasha jicho ni lenzi yenyewe. Kwa hiyo apimwe presha ya jicho wiki hii. Akianza kuumwa ghafla na kichwa upande huo, aende siku hiyo hiyo.

Muuguzi_Macho: Kweli kabisa. Ila kwake uveitisi ilitangulia, hivyo nisingeanza na hilo. Presha ipimwe hata hivyo, maana hata matone ya steroidi huipandisha.

Kondele_Juu: Asanteni. Na maandalizi yenyewe yakoje?

Daktari_Mdogo: Retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) haionekani nyuma ya lenzi nyeupe, basi muombe ultrasaundi ya jicho. Pia waangalie kama anatambua mwanga unatoka upande gani. Akishindwa, huenda retina au mshipa wa fahamu wa jicho umeharibika na upasuaji hautamrudishia mengi. Afadhali mjue kabla.

Siku chache kabla, wengi huongezewa vidonge vya prednisoloni, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, asubuhi baada ya chakula. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 30 hadi 60. Msijinunulie dukani! Kwanza TB, sukari, kaswende na VVU vipimwe, kwa kuwa steroidi huamsha TB iliyolala na kupandisha sukari. Kama chanzo cha uveitisi ni virusi vya hapisi (herpes), atahitaji asiklovia pia, dawa ya virusi hivyo. Akiwa kwenye methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili), asiiache.

Lenzi_Safi: Mwambieni daktari mapema kama mboni ni ndogo au haiko duara. Uveitisi huibandika airisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni) kwenye lenzi, na mpasuaji atalazimika kuibandua taratibu na kuitanua kwa vindoano vidogo. Kazi hiyo inataka mkono uliozoea. Kutoka Ahero, ulizeni hospitali ya Jaramogi pale Kisumu au ya macho ya Sabatia kule Vihiga, lakini pigeni simu kwanza mjue siku ya kliniki. Michango ya SHA (bima ya afya ya serikali) iwe imelipwa.

Kondele_Juu: Na baada ya upasuaji?

Muuguzi_Macho: Hapa ndipo wengi huharibu. Matone ya prednisoloni mwanzoni huweza kuwa kila saa akiwa macho, kisha yanapunguzwa polepole kwa wiki sita au zaidi. Chupa itikiswe vizuri kila mara, dawa hukaa chini kama unga mweupe. Asipotikisa anatia maji tu. Akiwa na matone mawili tofauti, aachanishe kwa dakika tano. Kuona kukiboreka halafu kukafifia baada ya wiki nne hadi sita, mara nyingi ni uvimbe katikati ya retina. Unatibika ukiwahiwa, hivyo asiruke kliniki eti kwa sababu haumwi. Maumivu makali na kuona kupungua ndani ya wiki ya kwanza ni dharura, hata ikiwa usiku.

Daktari_Mdogo: Na kadi zake zote za kliniki zije, hata zilizochakaa. Tarehe za mashambulizi ya nyuma ndizo zitamwambia mpasuaji ampe steroidi kiasi gani.