Mwanasiasa kutangaza kura yake mwenyewe: haki yake au anatuharibia?

Kibuyu Tupu
Wakuu, kiongozi akitoka kituturini akasema mbele ya kamera "mimi nimempa fulani", makofi tunampigia ya nini? Mimi naona anyamaze, hata kama kila mtu anajua kampa nani. Bosi akishatangaza, kesho naibu wake ataulizwa: na wewe je? Akijibu "kura yangu ni siri", tayari keshajibu. Mnyonge anakingwa na siri pale tu mkubwa naye anapoitunza. Hawa wanaotangaza, na wale wanaopiga picha karatasi ya kura, ni ushamba mtupu.

Nyuki wa Porini
Ushamba? Mimi nilipiga picha kura yangu na nikaitupia mtandaoni. Mshamba nani hapa?

Mama Sera
Mleta mada una hoja, ila ya upande mmoja. Mtu kazunguka miezi akiniomba nikipe kura chama chake. Nikitaka kujua yeye mwenyewe kakipa, kosa langu nini? Mitt Romney, mwanasiasa wa Marekani, 2016 hakumpa Trump wa chama chake, aliandika jina la mkewe, na baadaye akasema hadharani. Tukamjua kasimama wapi.

Dodoki
Kaandika jina la mke! Sisi wengine tukifanya hivyo kura inaharibika na nyumbani hatusamehewi, maana atauliza kwa nini hakushinda 😂

Karani Mstaafu
Romney alisema, hakuonyesha. Tofauti ni kubwa sana. Ukitoka nje unaweza kutaja jina lolote, hakuna wa kukuhakiki. Ndiyo maana mnunuzi wa kura anatoa hela bila kujua kama mzigo kaupata. Uingereza kabla ya 1872 ulikuwa unataja mgombea wako kwa sauti, na mwenye ardhi unayomlipia kodi anakusikia. Utamkana? Australia waliwatangulia, 1856: karatasi inachapwa na serikali, unaijaza peke yako. Sasa picha inamrudishia mnunuzi risiti yake.

Nyuki wa Porini
Somo zuri Karani. Nasubiri jibu la ushamba.

Kibuyu Tupu
Kama kofia imekutosha, ivae.

Nyuki wa Porini
Mtu wa kujificha nyuma ya jina la kibuyu ananifundisha ujasiri! Karatasi yangu, kidole changu, simu yangu. Nani kanihonga?

Jongoo Mkimya
Tuache ugomvi. Kenya si walipanga mistari nyuma ya wagombea 1992? Ile ya wazi kabisa, na bado waliibiana.

Karani Mstaafu
1988, ndugu yangu. Mlolongo, kwenye mchujo wa wagombea wa KANU, chama tawala wakati huo. 1992 tayari ni vyama vingi. Na aliyezidi asilimia 70 kwenye mstari alipita moja kwa moja, sanduku halikumhusu.

Jongoo Mkimya
Nimesahihishwa. Lakini mstari mfupi kushinda mrefu, hilo sijalikosea.

Mama Sera
Basi twende mbele. Kama siri ni tamu hivyo, wabunge nao wapige kwa siri? Afrika Kusini Agosti 2017, hoja ya kumng'oa Rais Zuma, Spika Mbete akaruhusu kura ya siri. 177 wakataka aondoke, 198 wakamwokoa. Wapo wa ANC, chama chake mwenyewe, waliomgeuka, kwa hesabu tu ya viti. Wananchi wao wakawaulize wapi?

Kibuyu Tupu
Hapo umechanganya mama. Kura ya bungeni ni yangu, yeye nimemtuma tu, lazima niione. Ya kituturini ni yake.

Dodoki
Ni yake, halafu unamkataza kuitangaza? Kibuyu kimevuja 😂😂

Kibuyu Tupu
Kuvuja kitu gani? Dodoki wewe kazi yako kuchekacheka tu, toka mwanzo hujaleta hoja hata moja.

Dodoki
Jibu swali mkuu, hasira zitakupa presha.

Karani Mstaafu
Namsaidia. Ni yake, lakini siri yenyewe haiwezi kuwa ya mmoja mmoja. Nimekaa vituoni miaka mingi. Ruhusu mtu mmoja aonyeshe karatasi mlangoni, wa nyuma yake wanaanza kuangaliana. Asiyeonyesha anaonekana ana lake jambo.

Mama Sera
Hilo nalikubali kwa picha. Kwa mdomo, bado.

Nyuki wa Porini
Haya, picha nimeifuta. Siyo kwa sababu yenu. Shemeji yenu kaiona, kumbe yeye alimpa mwingine.

Mama Sera
Alikwambia?

Nyuki wa Porini
Hajasema kitu. Kanuna tu.